Kikaango cha Kiporo na Mafiga ya Bi Kidawa

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, ni zamani ile ambayo sufuria za bati zilikwisha kufika milimani lakini viberiti bado vilikuwa vya kuazimana, aliishi mjane aliyeitwa Bi Kidawa. Aliyeshiba akae nyuma. Mwenye njaa akae mbele ateseke, maana hadithi hii ina nyama ndani yake. Na nyinyi mnaojua kupika, nawaomba msinikatize mpaka nimalize. Kila nikiisimulia kuna mtu huondoka amenuna, na mara nyingi ni mpishi.

Bi Kidawa aliishi kwenye mlima wa viazi, kule ambako hata ukichimba shimo la choo unatoka na gunia. Alikuwa na wana watatu, na wote walikuwa wameoa, kwa hiyo alikuwa na wakaza wana watatu. Mkubwa aliitwa Mwajabu, mpole, mvumilivu, mwenye watoto wengi kuliko vikombe vya nyumba ile. Wa kati aliitwa Siwema, mwenye akili nyingi na uvivu mwingi, na mwenyewe alisema akili zake zimezaliwa na uvivu wake. Mdogo aliitwa Chiku, bado bibi harusi, ambaye akianza kucheka lazima akae chini.

Sasa shikeni desturi ya mlima ule, kwa sababu bila hiyo mtabaki mnashangaa watu wanagombea mawe. Mwanamke akiolewa kule hapewi jiko. Ana nyumba yake, ana kitanda chake, ana mume wake, lakini anapika jikoni kwa mkwewe. Chumvi anaomba. Akitaka chai mchana anaomba. Mwanawe akilia njaa, anaomba. Anaomba mpaka siku ambayo mkwe ataridhika naye, ndipo mkwe mwenyewe, au ndugu wa damu wa mkwe, atakapobeba mafiga, yale mawe matatu ya kutelekea chungu, na kuyatua mlangoni kwake. Siku hiyo hupigwa vigelegele. Kuanzia hapo mwanamke anawasha moto wake na kupika apendacho, hata kama ni maji matupu.

Bi Kidawa alikuwa na mafiga ya kutoa. Yaliegemezwa ukutani nyuma ya jiko, mawe meusi ya mtoni yasiyopasuka kwa moto, ambayo marehemu mumewe aliyatafuta mpaka akaugua mafua. Yalikuwa ya mtu mmoja tu, na yalikuwa tayari. Mwajabu akazaa mtoto wa kwanza, mafiga yakabaki palepale. Akazaa wa pili na wa tatu, mafiga yakabaki palepale. Siwema akaolewa, Chiku akaolewa, kuku wakataga juu ya mafiga, na mafiga yakabaki palepale.

Akiulizwa, Bi Kidawa alijishika kiuno.

"Mawe ni mazito, wanangu, na mgongo huu si wangu tena."

Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kukaa kwenye mkeka na kupikiwa na watu watatu, na kama yupo hapa ambaye hapendi, anyooshe mkono tumwone.

Basi ikatokea siku walimaliza kuvuna viazi, na majirani waliosaidia kuvuna wakachinjiwa mbuzi. Watu walikula, wakaimba, wakabeba na vya kubeba. Kwenye kugawa nyama alikuwa Mwajabu. Mwajabu mpole, Mwajabu mvumilivu, alichagua kipande kinono cha paja, mafuta yananing'inia, akakifunga kwenye jani la mgomba na kukichomeka juu ya uchaga, pale penye moshi, nyuma ya vibuyu. Alitaka siku moja ale nyama peke yake, kimya, bila mtoto kumtazama mdomoni. Msimhukumu upesi. Mimi nimekuwa na watoto, najua.

Asubuhi yake Siwema aliambiwa achemshe viazi vya chai. Viazi vya chai ni vya kutosha chai. Siwema akajaza chungu kikubwa mpaka kifuniko kikagoma kufunga, ili jioni asisumbuliwe tena kumenya wala kuchemsha. Watu wakanywa chai, wakala viazi, na chungu kikabaki kama hakijaguswa. Kikakaa pale kikapoa.

Naye Bi Kidawa akajifunga kanga ya kutokea. Alikuwa anakwenda ng'ambo ya bonde kumjulia hali mgonjwa. Kabla hajatoka alifanya mambo mawili. Kwanza aliuzika moto. Aliyavuta majivu juu ya makaa mpaka wekundu wote ukapotea, halafu akafunga banda la kuni na kuondoka na ufunguo, maana aliamini wakaza wana wake wanakula kuni. Pili alitoa amri.

"Kiporo kuleni nyinyi. Akija mgeni, yule jogoo mwekundu. Nyumba hii mgeni hajawahi kulishwa kiporo, na hatalishwa nikiwa hai."

Na hapo hakutia chumvi. Mlimani kule, kumpa mgeni kiporo ni kama kumwambia alale nje na mbuzi. Kulikuwa na nyumba moja iliyowahi kuteleza, na wanawake wa kisimani walikuwa wameitungia wimbo ambao mpaka wajukuu wa nyumba ile wanauimba bila kujua unawahusu.

Bi Kidawa hajafika hata bondeni, mgeni akaingia uani.

Si mgeni wa kupewa maji akaondoka. Alikuwa Mzee Shemweta, kaka yake Bi Kidawa, mkubwa kwake kwa kuzaliwa na kwa sauti. Alikaa huko chini tambarare, na akipanda mlima hupanda na ulimi wake. Safari iliyopita alikula wali wa nyumba ile, akaweka tonge chini, akauliza mbele ya watu kama mchele huo umepikwa au umetishwa tu. Bi Kidawa hakutoka nje kwa muda mrefu baada ya hapo.

"Hodi. Wakwe zangu hamjambo? Dada yangu yuko wapi? Haidhuru. Nina njaa, nina haraka, na wingu lile linanifuata tangu tambarare. Nataka nivuke mlima kabla halijanikamata. Nipeni chochote cha mgeni."

"Karibu, mjomba," wakasema wote watatu. Wakamtandikia mkeka, wakampa maji ya kunywa, wakamchekea kwa adabu. Halafu wakazunguka nyuma ya jiko wakatazamana.

"Jogoo," akasema Mwajabu.

Wakamwendea jogoo. Jogoo naye alikuwa ameishi nyumba ile muda wa kutosha kujua maana ya mgeni. Alipita katikati ya miguu ya Mwajabu, akakanyaga kichwa cha Siwema aliyekuwa ameinama, akaruka juu ya paa la jiko. Kutoka kule akawatazama kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili. Chiku akakaa chini.

"Usicheke," Mwajabu akamwambia. "Chiku, nakuomba usicheke. Hata tukimkamata sasa hivi, mjomba amchinje, tumnyonyoe, tumchemshe. Yule si jogoo, yule ni babu. Hataiva leo. Mzee ataondoka na njaa, na huko tambarare atasema nini? Mama atasema nini? Hayo mafiga tutayasikia kwenye redio."

Siwema alikuwa anajifuta matope ya jogoo kichwani. Akili zake zikaanza kufanya kazi, kama kawaida yake anapoona kazi kubwa inamjia.

"Viazi vipo," akasema. "Vimepoa, vimeshikana vizuri. Dada Mwajabu, ile nyama ya jani la mgomba iko wapi?"

"Nyama gani?"

"Dada. Mimi nilikuwa nimekaa palepale."

Mwajabu akainamisha uso. Kisha akapanda kwenye kinu, akapeleka mkono nyuma ya vibuyu, akashusha lile furushi. Alilishusha polepole sana. Mwenye moyo angeliona machozi.

"Ikate vipande vidogo," Siwema akasema, "visijulikane ni vya jana. Viazi navyo vikatwe vidogo. Kitunguu, pilipili, kikaango, vyote pamoja. Kitu kikikaangwa upya ni kipya. Nani atajua? Chiku, kaanga wewe, mikono yako ndiyo misafi. Mimi nakwenda kumzungumzisha mjomba asisikie kisu."

Akaenda zake kukaa kivulini kwenye mkeka, kazi ambayo aliifanya vizuri.

Chiku akafunua majivu. Makaa yalikuwepo, mekundu lakini ya usingizi, na kuni zimefungiwa. Akapuliza kidogo, akachoka, akateleka kikaango hivyohivyo. Akakata yale mafuta ya paja yakayeyuka taratibu. Akatia kitunguu kikalainika. Akatia viazi, akatia nyama, akanyunyiza chumvi na pilipili ya kusagwa, akavuruga mara moja, akabana vyote chini kwa mgongo wa mwiko mpaka vikawa sawasawa kama sakafu ya udongo. Alikuwa anajua kwamba chakula cha kukaanga kinataka kugeuzwageuzwa. Alifundishwa na mama yake kukigeuzageuza. Aliinua mwiko akigeuze.

Ndipo jogoo kule juu akapiga hatua, akateleza, akaporomoka na nyasi za paa mpaka kwenye beseni la nguo za jirani.

Jirani akapiga kelele, jogoo akapiga kelele, na Chiku akatoka mbio na mwiko mkononi. Hakwenda kusaidia. Alikwenda kucheka. Jirani naye akaanza kucheka, wakashikana juu ya ua, wakasimuliana tangu mwanzo jinsi kila mmoja alivyoona, kisha wakasimuliana tena. Jogoo akarudi juu ya paa akiwa ameloa. Na kikaango kikakaa peke yake.

Harufu ndiyo iliyomwita. Chiku alisimama katikati ya kicheko, akanusa, akamwambia jirani, "Nimeachika." Akakimbia jikoni, akafikiri atakuta mkaa. Akafunika kikaango kwa sinia, akafumba macho, akapindua.

Kikatoka kizima. Juu kilikuwa kimeshika ukoko wa rangi ya asali, umepasukapasuka pembeni, mafuta yanachemka kwenye nyufa. Chini yake viazi vilikuwa laini na nyama imejificha humo. Chiku hakuelewa alichofanya, lakini alijua kunyamaza, akabeba sinia akalipeleka.

Mzee Shemweta akanawa. Akavunja kipande cha ukoko, kikalia. Akakitia mdomoni. Siwema alikuwa katikati ya sentensi kuhusu bei ya kabichi, mzee akamwinulia kidole anyamaze. Akala. Akala bila kusema neno, mtu yule, na waliomjua wangeita shehe.

Hapo ndipo Bi Kidawa aliporudi. Mgonjwa alikuwa amelala, wingu linakuja, akageuza. Akaingia uani, akamwona kaka yake mkekani amefunga macho anatafuna. Akafurahi. Kisha akasikia "kokoriko". Akainua uso. Jogoo mwekundu alikuwa juu ya paa, mzima, anajianika.

Bi Kidawa hakuuliza mengi. Aliwaita wakaza wana nyuma ya jiko, pale pale penye mafiga, akasema kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi.

"Nani amempikia kaka yangu kiporo? Nataka mmoja. Na huyo mmoja, mafiga haya atayaona peponi."

Mwajabu akatangulia. "Mama, si mimi. Mimi nilitoa nyama tu. Nyama kwenye jani la mgomba si chakula, ni nyama. Ingekaa kule uchagani mpaka mwakani, nani angeiita pishi? Mimi sikushika mwiko."

Siwema akafuata. "Mama, si mimi. Mimi nilichemsha viazi vya chai, nawe ulivila. Hayo mengine nilisema tu. Kusema si kupika. Kama maneno yangeivisha chakula, mimi ningekuwa nimeshalisha wilaya nzima. Wakati kinapikwa nilikuwa mkekani, muulize mjomba."

Chiku akamaliza. "Mama, si mimi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye ua, jirani ni shahidi wangu. Kilijipika chenyewe. Kitu kimejipika mtu hayupo, utasemaje mtu huyo amekipika?"

Hivyo ndivyo walivyosema. Kila mmoja kwa mdomo wake, na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Mkumbuke maneno hayo, maana Bi Kidawa aliyakumbuka.

Kabla hajajibu, Mzee Shemweta akatokea kwenye kona na sinia mkononi. Lilikuwa jeupe. Alikuwa amelikwangua.

"Kidawa," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Tangu mama yetu afe sijala hivi. Nilipofunga macho nilimwona ameinama mekoni, na wewe mdogo unamvuta kanga umwombe ukoko. Nani amepika?"

Kuku ndio waliojibu, kidogo.

"Mnaona haya? Basi nawatoa haya. Haya mawe nayaona hapa tangu marehemu shemeji yangu ayalete. Kila nikija mgongo wako unauma. Vizuri. Mgongo wangu hauumi. Mimi ni ndugu yako wa damu na ni mkubwa wako, na aliyepika chakula hiki nambebea mafiga leo, sasa, kwa mikono yangu. Nani?"

Kaka mkubwa akisema, amesema. Bi Kidawa akabaki kuwatazama wakaza wana wake, na wakaza wana wakatazama chini, kwa sababu kudai mafiga ilikuwa ni kukiri kiporo mbele ya mgeni mwenyewe. Ni jambo la kuchagua, jiko au heshima. Mngechagua nini? Mwajabu ndiye aliyechagua kwanza.

"Mjomba, ni kiporo. Nisamehe. Nyama ilikuwa yangu, niliificha jana niile mwenyewe, na nilipokuona una njaa nikaitoa. Mimi ndiye niliyekunyimia mdomo wangu. Ondoa nyama na mafuta yake, ulikula nini? Viazi. Watoto wangu wanaomba chumvi nyumba ya pili tangu wajue kusema. Binti yangu mkubwa karibu ataolewa, naye hajawahi kuona mama yake akiwasha moto wake. Nipe mimi."

Siwema akainua kichwa upesi. "Mjomba, dada alikuwa na nyama tangu jana, mbona hakukupikia? Viazi nilichemsha mimi. Na vingekuwa vya moto vingepondeka, vilitaka kupoa, na vilipoa kwa sababu nilichemsha vingi. Aliyesema vikutane na nyama ni mimi. Bila mimi nyama ingekuwa uchagani, viazi chunguni, hawa wawili wangekuwa juu ya paa na jogoo, nawe ungekuwa njiani na njaa yako. Wenye mikono ni wengi. Mimi nilifikiri. Nipe mimi."

Chiku alikuwa amekaa chini tayari, lakini safari hii hakuwa anacheka. "Mjomba, umekula nyama mara ngapi na viazi mara ngapi? Ulifunga macho lini? Ni ule ukoko. Ukoko ni wangu. Mimi niliyeyusha mafuta, mimi nilibana kwa mwiko, mimi niliacha. Wapishi wote wa mlima huu wangesimama pale wakavuruga mpaka kikawa uji. Wao waliona chungu na jani. Mimi nilishika kikaango. Mimi ni mgeni nyumba hii, sina hata mtoto wa kunitetea. Nipe mimi."

Mzee Shemweta akakuna ndevu. Kuhusu kiporo hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua tangu tonge la kwanza," akasema. "Nyama iliyolala ina ladha yake. Kwani mama yetu alitupa nini, Kidawa, kila baada ya karamu?"

Bi Kidawa akaona kwamba aibu imepita bila kumgusa, na akili ikamrudia, na tabasamu pia. Akaanza na mkubwa.

"Mwajabu mwanangu, nyama kwenye jani si chakula. Nimesikia wapi maneno hayo? Siwema mwanangu, kusema si kupika. Chiku, mwanangu, wewe hukuwepo, chakula kilijipika chenyewe. Kaka, hawa wameniapia hapa hapa, wewe ukiwa unakwangua sinia. Hakuna aliyepika. Basi mawe yakae."

"Tulikuwa tunaogopa, mama," akasema Mwajabu.

"Kweli ya mtu anayeogopa nayo ni kweli," akasema Bi Kidawa. "Lakini kama tunadai, na mimi nidai. Kikaango ni cha nani? Kimekunywa mafuta yangu miaka yote, ndiyo maana ukoko ulitoka bila kushika. Na moto ni wa nani? Huyu aliacha chakula motoni akaenda kuuza meno kwenye ua. Ingekuwa moto wa kuni zake, angepindua makaa. Hakikuungua kwa nini? Kwa sababu niliuzika majivuni na kufungia kuni. Mnaniita bahili nikiwa nimewapa kisogo, nasikia. Ubahili wangu ndio uliopika."

"Wewe una jiko, Kidawa," akasema kaka yake. "Mafiga utayafanyia nini?"

Bi Kidawa akaitazama mikono yake, na ile tabasamu ikatoka usoni.

"Yale ninayopikia niliyakuta," akasema. "Mkwe wangu alikufa hajanibebea. Nilimpikia mpaka akashindwa kutafuna. Siku ya tatu ya msiba mtu akanipa mwiko, akaniambia watu wana njaa. Hakuna aliyewahi kutua jiwe mlangoni kwangu. Sikupigiwa kigelegele. Kila nikitaka kuwabebea hawa, kweli mgongo unaniuma, kaka. Unauma hapa." Akajigusa kifuani.

Wakaza wana hawakuwa wanayajua hayo. Chiku akaanza kulia, na yeye hata akilia hukaa chini. Mwajabu akamtazama mkwewe, akayatazama mawe, akamwonea huruma, na bado alikuwa anayataka mawe yale. Hilo msilisahau. Huruma haikumwondolea haja.

Mzee Shemweta alikuwa ameshainama. Akalikumbatia figa la kwanza, kubwa kuliko yote, akalinyanyua mpaka kifuani, akatoka nalo hadi katikati ya ua. Milango minne inatazamana pale: wa Bi Kidawa, wa Mwajabu, wa Siwema na wa Chiku. Tone la kwanza la mvua likamwangukia kwenye upara.

"Wakwe zangu, dada yangu," akasema, "hili jiwe si boga. Niambieni niende mlango gani."

Wanawake wanne walikuwa wamemfuata uani. Juu ya paa jogoo akawika, nami niwaambie mapema kwamba safari moja mwanamume mmoja alisema figa apewe jogoo, kwa kuwa kama angekubali kukamatwa tusingekuwa na hadithi. Tulimpa majani ya viazi akale.

Kila nilipokwisha kuisimulia, wenye watoto husema Mwajabu. Wenye maneno husema Siwema. Wasichana husema Chiku, na wakwe, wakiwepo, hukohoa. Mume wangu aliwahi kutoa jibu lake, tukalala tumepeana migongo. Sasa ni zamu yenu, na fanyeni upesi, kwa sababu mvua imeshaanza, mzee wa watu amesimama na jiwe, na jiwe linazidi kuwa zito. Mmoja alitoa, mmoja alifikiri, mmoja alikaanga akasahau, na mmoja alizika moto. Watatu walikana, na wote wanne walidai.

Je, jiwe lile lilistahili kutuliwa mlangoni kwa nani?